Barua ya wazi: Ushoroba wa Taita si wa ndovu peke yao

Kwa: Wote wenye dhamana ya misitu, mazingira, maji, kilimo na barabara katika Milima ya Taita

Kuh: Kuunganisha upya makazi ya vyura na sesilia (jamaa wa chura wasio na miguu, waishio udongoni) kabla joto halijawapita

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Tulifuata njia ya ofisini kwanza. Maombi yetu yalipokelewa, yakagongwa mhuri, yakalala. Hatutaji ofisi wala afisa, maana tunataka kazi ifanyike kuliko tunavyotaka mtu aaibike. Lakini vuli ikipita tena bila mche kutiwa ardhini mahali panapostahili, mwaka mzima utakuwa umekwenda bure. Ndiyo sababu sasa tunasema mbele ya watu.

Shoroba, yaani njia za wanyama, zikijadiliwa katika kaunti hii, mawazo yote hukimbilia ndovu wa Tsavo. Ni haki yao. Ila juu milimani, penye ukungu, wako wanyama ambao hawana Tsavo ya kukimbilia. Taita, Sagalla na Kasigau ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, na ndiyo sehemu pekee ya tao hilo iliyo ndani ya Kenya. Iliyobaki yote iko Tanzania. Chura Callulina dawida, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2009, ni wa milima hii tu. Sesilia Boulengerula niedeni, aliyeelezwa mwaka 2005, yuko Sagalla na kwingine hayuko. Ndugu yake wa Dabida (safu kuu ya Taita), Boulengerula taitana, alishangaza wanasayansi mwaka 2006 ilipobainika kwamba watoto wake hujilisha kwa kukwangua ngozi ya mama yao kwa meno maalumu. Huku nyumbani bado anakatwa kwa jembe akidhaniwa ni nyungunyungu mkubwa au nyoka mdogo.

Msitu wao umebaki vipande. Mbololo una karibu hekta 200, Ngangao kama 120, Chawia haufiki 100. Kisha kuna Fururu, Vuria, Iyale, Ndiwenyi, Macha, Mwachora na vingine, vingi vikiwa vya hekta chache. Kati yake pamejaa mahindi, nyumba, barabara na miti ya kigeni.

Dai letu ni moja: kulinda kila kipande kivyake hakutoshi tena. Katika milima kama hii joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo dunia ikipata joto kwa nyuzi 1 tu, chura anayetaka kubaki katika hali ya hewa aliyoizoea hana budi kupanda karibu mita 170. Kilele cha Chawia kiko karibu mita 1,600. Msitu unaisha hapo. Vuria inafika mita 2,208, lakini kati ya Chawia na Vuria kuna mashamba makavu ambayo chura hawezi kuyavuka mchana wala usiku wa kiangazi. Chura wa Chawia akikosa njia, atakwisha hapohapo kilimani, msitu wake ukiwa umelindwa vizuri kabisa.

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Shoroba zinapangwa kwa macho ya ndege

Mipango mingi tuliyoiona inaunganisha vipande kwa visiwa vidogo vya miti, kimoja hapa, kingine mita 300 mbele. Kwa baadhi ya ndege hilo linafaa. Callulina dawida hana mkia wala mbawa, na kuruka kwenyewe hajui sana. Ana miguu mifupi, hutembea polepole juu ya majani yanayooza na vichaka vya chini. Hana hatua ya viluwiluwi: mayai hutagwa nchi kavu na kutoa vyura wadogo waliokamilika. Kwa hiyo hahitaji bwawa, lakini anahitaji unyevu wa ardhi usiokatika, maana ngozi yake hupoteza maji kila dakika anayokaa pakavu. Pengo la mita 50 la udongo mtupu lililopigwa jua linaweza kumzuia kama ukuta.

Upana nao unapuuzwa. Ukanda wa miti wenye upana wa mita 10 ni ukingo mtupu: upepo na jua huupenya pande zote mbili, na majani yaliyoanguka hukauka. Tunaomba ukanda mkuu usipungue mita 60, ili angalau ule moyo wake wa katikati ubaki na unyevu.

2. Mwelekeo

Ramani huunganisha kipande na kipande kilicho karibu nacho. Karibu si kigezo kinachotosha. Kipaumbele kiwe njia zinazopanda: Chawia kuelekea Fururu na hatimaye vilele vya Vuria na Iyale, na kwa kila kipande, kutoka ukingo wake wa chini hadi sehemu yake ya juu kabisa.

Na hapa tuseme tusichokitaka, maana tumeshasikia mapendekezo ya kupanda miti kila mahali. Hatuombi Mbololo uunganishwe na Dabida. Bonde la Paranga liko chini, ni kavu, na limewatenga wanyama wa pande hizo mbili tangu kale. Hatuombi Sagalla iunganishwe na chochote ng'ambo ya nyika ya Voi. Sagalla inahitaji kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, kijito kwa kijito, shamba kwa shamba. Pesa za kupanda miti bondeni Paranga zipelekwe Fururu.

3. Mti kuhesabiwa mti, uwe wowote ule

Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 na asilimia 30 ya nchi kufunikwa na miti kufikia mwaka 2032. Lengo zuri. Tatizo ni kwamba picha ya setilaiti haitofautishi sana mkaratusi na mshai, na afisa anayedaiwa takwimu atapanda kinachoota haraka.

Chini ya mikaratusi majani huanguka yakiwa na mafuta, huoza polepole, na udongo wa juu hukauka hadi maji ya mvua ya kwanza yanateleza juu yake badala ya kuzama. Wadudu wa kuliwa ni wachache. Kwa chura wa sakafu ya msitu, pale ni kivuli kisicho na chakula wala maji. Misonobari na misaipresi ina kasoro zinazofanana.

Lakini dawa ya pupa ni mbaya vilevile. Kufyeka mikaratusi yote kwa mkupuo mmoja kunaacha mteremko wazi, udongo unashuka mtoni, na sesilia walio kwenye sentimita 30 za juu wanakaushwa au wanasombwa. Utaratibu tunaouomba ni huu:

Mwaka wa kwanza, kata theluthi moja ya mikaratusi, kwa mistari inayofuata kontua (usawa wa kilima), kamwe isishuke na mteremko. Panda miche ya asili kwenye mistari hiyo mvua zikishatulia, vuli ikipewa nafasi ya kwanza. Nafasi kati ya miche iwe mita 2 kwa 2, yaani miche 2,500 kwa hekta. Zaidi ya nusu iwe ya miti inayokua haraka na kutoa kivuli, kama Macaranga, Tabernaemontana stapfiana na mshai (Albizia gummifera). Iliyobaki iwe ya msitu mkomavu, kama Prunus africana na mnyasa (Newtonia buchananii). Mwaka wa tatu kata theluthi ya pili, mwaka wa tano ya mwisho. Kivuli hakikatiki hata mara moja.

Kisiki cha mkaratusi huchipua, na hapo ndipo kazi nyingi hufia. Watu humwagia dawa ya magugu. Tunaomba isitumike ndani ya ukanda, hasa zile zenye glaifoseti: viungo vya aina ya sabuni vinavyochanganywa nayo mara nyingi ni sumu kwa amfibia, yaani jamii ya vyura na sesilia. Kisiki kikatwe karibu na ardhi, gome lichunwe lote mpaka chini ya usawa wa udongo, na machipukizi yavunjwe kila baada ya wiki 6 hadi 8 mpaka kisiki kichoke. Ni kazi ya mikono, na vijana wa kuifanya kwa ujira wapo.

Magogo yasiuzwe yote. Katika kila eneo la mita 20 kwa 20 yabaki angalau matano, yalale kwa kontua yakigusa udongo. Gogo linalooza ndilo nyumba ya kiangazi ya chura wakati miche bado ni mifupi. Bila magogo, ukanda mpya huwa mkavu kwa chura kwa miaka mingi hata kama miche yote imeshika. Jambo hili hatujaliona katika mpango wowote.

Kuhusu hesabu: ukanda wa kilomita 1 wenye upana wa mita 60 ni hekta 6, yaani miche 15,000. Ongezeni asilimia 25 ya kufidia itakayokufa, inakuwa karibu 19,000. Vitalu vianze miezi minane hadi kumi na miwili kabla, kwa mbegu zilizookotwa katika milima hii hii. Mche ulioletwa na udongo kutoka kaunti nyingine unaweza kuja na kuvu wa kitridi, anayeleta ugonjwa uliomaliza vyura wengi katika mabara kadhaa.

4. Vijito na chemchemi

Kijito ni ushoroba uliokwisha chimbwa na maji yenyewe; kazi iliyobaki ni kuacha kuuharibu. Kanuni za maji za Kenya zinataja ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Mashambani, nduma na sukuma wiki hufika mpaka majini. Hatuwalaumu wakulima: vipande vya ardhi ni vidogo na hakuna aliyewawekea alama. Tunaomba mita 10 kila upande zipimwe na kuwekewa vigingi kwenye vijito vinavyoshuka kutoka misitu iliyotajwa. Kilomita 1 ya kijito ni hekta 2, miche 5,000. Nje ya mita hizo, migomba yenye matandazo ya unene wa sentimita 10 ni jirani mwema kabisa kwa sesilia. Shamba lenye kivuli na mboji humfaa kuliko msitu wa mikaratusi.

Chemchemi zinapojengewa kisanduku cha zege, mara nyingi tone la mwisho huingia kwenye bomba. Mita chache chini ya hapo kinamasi kinakufa. Kila kisanduku kiwe na tundu la chini lisilozibika, linaloruhusu maji kutiririka hata Septemba, na maji hayo yapite juu ya mawe na udongo, yasipite kwenye mfereji wa saruji. Kwa vyura wanaohitaji maji yaliyotuama kuzaliana, vidimbwi vya mita 3 kwa 4, kina cha sentimita 50, kingo zikiteremka taratibu, vinatosha. Visitiwe samaki, samaki hula mayai na viluwiluwi.

5. Barabara na mitaro

Barabara nyembamba ya milimani haiui vyura wengi kwa magurudumu. Inawaua kwa mitaro. Mtaro wa zege wenye kuta wima za sentimita 40 au 60 ni mtego: chura na sesilia huingia usiku wa mvua, hawawezi kupanda, jua likitoka wanakauka. Tunaomba kila mita 10 hadi 15 pawe na mteremko wa mawe makavu upande wa msituni, wenye mwinamo wa 1 kwa 2. Pale ukuta wa zege si lazima, ujengwe wa mawe yaliyopangwa yenye nyufa.

Kalavati za bomba nazo zina kasoro ya kudumu: mdomo wa chini huachwa ukining'inia, maji yanachimba shimo, na baada ya misimu miwili kuna maporomoko ya nusu mita ambayo hakuna anayeweza kuyapanda. Kalavati ya boksi iwe pana kuliko kijito kwa angalau moja ya tano, sakafu yake ifukiwe sentimita 20 hadi 30 chini ya kitanda cha kijito, ijazwe mawe na mchanga, na pembeni paachwe kipito kikavu. Katika sehemu zinazopakana na msitu, kizuizi cha urefu wa sentimita 50 kiwaelekeze kwenye kalavati. Juu kiwe na ukingo uliopinda kuelekea msituni, kwa kuwa Callulina hupanda vichaka na atakipanda kizuizi kilichonyooka.

6. Tathmini za mazingira zinazofanywa kiangazi

Mtaalamu akija Agosti, mchana, kwa siku mbili, ataandika kwamba hakuna amfibia wa kutajwa. Atakuwa hajadanganya. Tathmini yoyote inayogusa misitu hii ifanywe katika misimu miwili ya mvua, usiku kwa tochi na mchana kwa kupekua majani. Kwa sesilia, kwa kuchimba taratibu na kurudisha udongo.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa hiyo tuokoe muda.

Mtasema ardhi ni ya watu. Ni kweli, na ndiyo maana hatuombi mtu ahamishwe. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba aweke miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Mkulima aliye ndani ya ukanda asaidiwe kuiweka asilimia hiyo upande unaokutana na jirani yake, iwe ya miti ya asili, apewe miche bure, na alipwe kwa kila mche ulio hai baada ya miezi 12 na 36. Malipo ya kupanda pekee huzaa miche mikavu. Sagalla wako wakulima waliokubali kutoa nafasi ya miti ya asili kando ya vijito kwa ajili ya sesilia, bila kulazimishwa na mtu.

Mtasema watu wanahitaji mikaratusi kwa nguzo, mbao na kuni. Wanaihitaji, tena sana. Ibaki kwenye matuta makavu, mbali na vijito na nje ya kanda zilizotajwa.

Mtasema kuunganisha misitu kutasambaza maradhi. Hoja hii ina uzito kuliko nyingine, na tunaiheshimu. Lakini kuvu wa kitridi husafiri kwa maji na kwa matope ya buti zetu. Chura anayetambaa polepole kwenye msitu aliokuwamo babu yake si hatari kubwa. Hatari ni sisi. Kila kikundi kinachohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine kisugue matope yote kwanza, kisha kitumbukize buti na majembe kwenye maji yenye hipokloriti (dawa ya klorini) ya asilimia 1 kwa dakika moja, mbali na kijito, na viatu vikauke kabisa. Asiyesugua matope kwanza amepoteza dawa yake.

Mtasema, au mtafikiri bila kusema, kwamba hali ikizidi wanyama wachache watachukuliwa wakafugwe mahali. Tanzania imeshapita njia hiyo. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipopunguza maji kwa takriban asilimia 90, chura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walianguka ghafla, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kutoweka porini. Kuwarudisha kulianza 2012, kwa mitambo ya kunyunyiza maji inayohitaji matunzo daima. Yule walau hufugika na huzaa kwa wingi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba Callulina dawida atafanya hivyo.

Na fedha? Tumeshaeleza idadi ya miche. Kalavati inayofukiwa sentimita 25 zaidi wakati wa ujenzi ni tofauti ndogo. Kuibomoa baadaye ndiyo gharama.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Kabla ya vuli ijayo, itangazwe ramani ya ukanda wa kwanza, Chawia hadi Fururu, yenye mipaka iliyopimwa ardhini pamoja na wenye mashamba na vyama vya jamii vya misitu.

(b) Katika kanda hizo na mita 10 za vijito, miche ya mikaratusi, misonobari na miwati isitolewe wala kuhesabiwa katika malengo ya upandaji miti.

(c) Kila mradi wa barabara au maji unaopakana na misitu iliyotajwa uwe na michoro ya mitaro, kalavati na matundu ya chemchemi kama tulivyoeleza, na michoro hiyo ionekane na umma kabla ya zabuni.

(d) Ufuatiliaji wa miaka 10: joto na unyevu wa udongo upimwe kwenye vituo vya juu, kati na chini vya kila ukanda, na vyura wahesabiwe kila msimu wa mvua na watu wa vijiji husika waliofunzwa na kulipwa.

(e) Tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 30, hata likiwa la kukataa, mradi litaje sababu na afisa anayewajibika.

Tuko tayari kuwatembeza kutoka Chawia hadi Fururu siku yoyote mtakayotaja. Ikiwezekana iwe usiku wa mvua, na mje na buti zilizooshwa.

Wenu kwa heshima,

Waotesha miche, wakulima na wafuatiliaji wa vyura na sesilia
Milima ya Taita